Ushauri kwa Mtu wa Nchi Kavu Anayeazimia Kumwona Papa Mweupe

Miongoni mwa maswali ambayo vijana wa Matiliku waliojaliwa elimu na kazi za mshahara huuliza siku hizi, lipo moja ambalo wazee wao wasingalidhani kwamba lingetoka kinywani mwa mtu aliyelelewa upande huu wa mlima Nzaui, nalo ni hili: je, ni jambo la salama na la busara mtu kukusanya akiba yake, akasafiri mpaka ncha ya kusini ya Afrika, akaingia katika kizimba cha chuma kilichotumbukizwa baharini, ili atazamane uso kwa uso na papa mweupe? Jibu langu ni kwamba jambo hilo laweza kufanywa kwa salama, na kwamba mwenye afya na nafasi hana sababu ya kulionea haya. Walakini usalama wake hautoki pale wanapoudhania. Wao huuliza habari za meno ya papa na unene wa vyuma. Mimi huwauliza kama wanajua kuogelea, na aghalabu mazungumzo hukatikia hapo.

Sisemi hivyo kwa kuwadharau, maana nchi yetu ndiyo iliyotufanya tulivyo. Mito ya Makueni, iliyo mingi, ni mito ya mchanga, ambayo wakati wa kiangazi watu huchimba visima katikati ya mkondo wake wakateka maji kwa kata, na ambayo mvua ikinyesha milimani hufurika kwa saa chache kwa nguvu za kumchukua ng'ombe na mchungaji wake, kisha ikarudi kuwa mchanga. Mto Athi una maji mwaka mzima, lakini una mamba. Kwa hiyo mtoto wa kwetu hufundishwa mapema kuyahofu maji, na mafundisho hayo yamewaokoa wengi. Ila hakufundishwa kuyajua, na kuhofu ni jambo mbali na kujua. Wafanyabiashara wa Ukambani waliijua njia ya Mombasa kabla ya reli kuwazwa, wakapeleka pembe za ndovu na kurudi na nguo na shanga, lakini safari yao iliishia ufukweni. Kijana anayetaka kushuka kizimbani anataka kuvuka mpaka ambao wao hawakuuvuka, na yafaa auvuke akiwa na maarifa.

Kizimba chenyewe kina historia inayostahili kujulikana na kila atakayekishika kwa mikono yake. Mwezi wa Desemba 1963, katika ufuo wa Aldinga kusini mwa Australia, kijana mmoja aitwaye Rodney Fox alikuwa katika mashindano ya kuvua samaki kwa mkuki chini ya maji, papa mweupe akamshika kifuani akamjeruhi kwa majeraha ambayo madaktari waliyashona kwa mamia ya nyuzi. Mtu huyo alipopona hakuishia katika kisasi. Alibuni kizimba cha vyuma ambacho ndani yake mtu angeweza kumtazama papa katika makazi yake bila ya mmoja kumdhuru mwenzake, na baadaye yeye pamoja na wapiga picha Ron na Valerie Taylor wakawaonyesha walimwengu mnyama ambaye hapo kabla alijulikana kwa uvumi na kwa maiti zake zilizotundikwa bandarini. Filamu ya Jaws iliyotoka mwaka 1975, kutokana na kitabu cha Peter Benchley cha mwaka uliotangulia, ilieneza hofu kubwa kuliko ukweli, na watu wengi wakawaua papa kwa fahari; hata Benchley mwenyewe alitumia miaka mingi ya baadaye kuwatetea. Afrika Kusini ndiyo nchi ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe kwa sheria, mwaka 1991, na katika muongo huo huo kazi ya kuwapeleka wageni kumtazama kutoka vizimbani ikastawi katika mji mdogo wa Gansbaai.

Huenda msomaji akauliza kama papa huyo hapatikani huku kwetu, ili mtu ajiepushe na gharama za safari ya mbali. Anapita, lakini hapatikani kwa kutafutwa. Mwaka 2000 wataalamu wa Afrika Kusini walichapisha kumbukumbu za kwanza za papa weupe waliovuliwa Mauritius, Zanzibar, Madagascar na Kenya, na wavuvi wetu wa pwani, ambao kwa vizazi wametega jarife wakinasa papa wa kila namna, hawakuhitaji maandishi hayo kujua kwamba maji makuu yana wakubwa wasioonekana kila mwaka. Papa mweupe ni msafiri wa ajabu. Jike mmoja, aliyepewa na watafiti jina la Nicole, alifungwa kifaa cha kumfuatilia katika maji ya Afrika Kusini mwezi wa Novemba 2003, na baada ya siku 99 kifaa hicho kikaibuka karibu na pwani ya magharibi ya Australia, zaidi ya kilometa 11,000 kutoka alikoanzia. Kisha, kabla ya miezi tisa kutimia, Nicole mwenyewe akatambuliwa kwa alama za pezi lake amekwisha rudi Afrika Kusini. Mnyama wa namna hiyo hamilikiwi na bandari yoyote. Hili ulikumbuke vema, kwa kuwa nitalirudia nitakapofika kwenye habari za kuchagua mashua.

Basi sharti la kwanza ni maji. Kizimba hufungwa ubavuni mwa mashua, sehemu yake ya juu ikabaki juu ya bahari, na anayeingia husimama ndani yake maji yakiwa shingoni. Mara nyingi hapewi mtungi wa hewa, bali huvuta pumzi, na nahodha au msaidizi wake apigapo kelele kwamba papa anakuja, hushika chuma cha ndani, akajizamisha chini ya maji, akatazama kwa muda ambao pumzi yake itaruhusu, kisha akainuka. Kwa jinsi hii wenye mashua husema, nao hawasemi uongo, kwamba si lazima mtu ajue kuogelea. Lakini mimi sikubali kwamba lisilo la lazima kwa mwenye mashua si la lazima kwako. Mtu asiyejua maji akiingia mle, nusu ya akili yake hushughulika na kupumua na nusu nyingine na woga, asibakiwe na macho ya kumwonea papa aliyemtolea fedha. Na ikiwa bahari itaharibika ghafula, ndiye wa kwanza kuangamia.

Nalo la bahari kuharibika si la kubuni. Mwezi wa Aprili 2008 mashua moja iliyokuwa imetia nanga karibu na Gansbaai, ikiwa na wageni waliokuja kuwaona papa, ilipinduliwa na wimbi kubwa, na wageni watatu wakafa, wawili wa Marekani na mmoja wa Norway. Hawakuguswa na papa. Ni bahari iliyowaua, umbali mfupi tu kutoka nchi kavu, na ndiyo sababu sichoki kuwaambia vijana wetu kwamba mwenye kuhesabiwa hatari katika safari hii si yule mwenye meno.

Namna ya kujifunza ni hii. Usijifunze katika mabwawa ya Makueni wala katika mashimo yaliyochimbwa mchanga, ambayo kingo zake huteleza na kina chake hakijulikani; tafuta bwawa la kuogelea lenye mwalimu, Machakos au Nairobi, ukajifunze mpaka uweze kuelea chali kwa utulivu, kwani kuelea kwa utulivu kuna faida kwako kuliko kuogelea kwa mbio. Ukishaweza hayo, shuka pwani. Aliye Matiliku hana safari ngumu: atateremka Emali, na hapo atapata basi la barabara kuu ya Mombasa au garimoshi lile linalosimama katika stesheni za njiani. Nenda Watamu, ambako bahari imehifadhiwa tangu mwaka 1968 pamoja na ile ya Malindi, au nenda Diani, ukafunzwe na watu wa kazi hiyo kuvaa miwani ya kuzamia na kupumua kwa mrija uso wako ukiwa majini. Chagua miezi ya kaskazi, tangu Desemba mpaka Machi, bahari inapokuwa imetulia na maji ni maangavu. Kusi likishika, mawimbi huvuka mwamba, maji yakavurugika, na mwanafunzi atakayeanza wakati huo aweza kuichukia bahari maisha yake yote. Kaa ndani ya mwamba. Tazama samaki wadogo na matumbawe kwa siku kadhaa, mpaka siku utakayogundua kwamba umeisahau pumzi yako, nawe unatazama tu. Siku hiyo ndiyo utakuwa umeanza kufaa kwa kizimba.

Hata hivyo maji ya Diani hayatakufundisha baridi. Bahari yetu ina uvuguvugu ambao mtu aweza kukaa ndani yake asubuhi nzima, ilhali maji ya Gansbaai, yanayopata ubaridi wa mkondo utokao kusini, mara nyingi huwa kati ya nyuzi 10 na 18 za Selsiasi. Baridi ya namna hiyo ikimpata mtu kifuani kwa ghafula humfanya avute pumzi kwa nguvu bila ya hiari yake, moyo ukaenda mbio, na ikiwa kichwa chake ki chini ya maji wakati huo atameza bahari. Utapewa nguo nzito ya mpira na mkanda wenye vipande vya risasi wa kukuzuia usielee, na vyote viwili ni vya lazima. Lakini dawa hasa ni kuingia polepole, kushika chuma, kulowesha uso kwa mkono, na kutoa pumzi taratibu mara nyingi mpaka mshtuko upite, ambao kwa kawaida hupita baada ya dakika chache. Usikubali kuharakishwa katika dakika hizo. Na mwenye maradhi ya moyo, mwenye pumu, mwenye kifafa, na mama mjamzito, wote hawa wamwone daktari kabla ya kulipa chochote, na daktari akikataa, wasitafute wa pili mpaka wapate atakayekubali.

Sasa nije katika kuchagua mashua, na hapa ndipo pesa za watu hupotea.

Kwa miaka mingi Gansbaai ilijulikana kuwa mahali pa hakika kuliko pote duniani pa kumwona papa mweupe. Mbele ya mji huo kipo kisiwa cha Dyer, na kando yake mwamba wa Geyser wenye makumi ya maelfu ya sili, ambao ndio chakula cha papa wakubwa. Na katika Ghuba ya False, karibu na Cape Town, papa walikuwa wakiruka juu ya maji wakiwa na sili mdomoni, jambo lililopigwa picha zilizozunguka dunia nzima. Picha hizo ndizo ambazo vijana wetu huonyeshwa hata leo. Lakini nyingi ni za zamani, na mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2015 walitambuliwa katika maji hayo nyangumi wawili wa rangi nyeusi na nyeupe, wale wawindaji waitwao orka, madume wenye mapezi ya mgongoni yaliyolala, mmoja upande wa kushoto na mwenzake upande wa kulia, wakaitwa Port na Starboard. Mwaka 2017 maiti za papa weupe zilianza kutupwa na bahari katika fuo za Gansbaai, zimepasuliwa kifuani, nyama yote ipo, ini halipo.

Anayejua kazi za pwani yetu hatashangaa kwamba ni ini. Ini la papa ni kubwa mno kwa kulinganisha na mwili wake, nalo limejaa mafuta. Ndiyo yale mafuta ambayo mafundi wa majahazi waliyapika na kuyapaka mbao za vyombo, wakayaita sifa, na harufu yake mtu hawezi kuisahau. Kwa papa mafuta hayo ndiyo yanayomsaidia asizame, na ndiyo akiba ya safari ndefu kama ile ya Nicole. Orka wamejifunza kuichukua akiba hiyo na kuuacha mwili. Mwaka 2023, huko Mossel Bay, Starboard peke yake alimuua papa mweupe mchanga kwa muda usiofika dakika mbili, mbele ya macho ya watu, na kila baada ya mauaji ya namna hiyo papa waliobaki huhama kwa majuma au kwa miezi. Katika Ghuba ya False wametoweka kabisa kwa kadiri ya waliozoea kuwaona. Wataalamu wanabishana: wengine husema ni orka, wengine huwataja wavuvi wa mishipi mirefu wanaomaliza papa wadogo ambao ni chakula cha wakubwa, na wengine hutaja nyavu za pwani ya KwaZulu-Natal, zilizoanza kutegwa Durban mwaka 1952 kwa ajili ya kuwalinda waogaji. Kwa maoni yangu sababu hizo hazipingani, kwa kuwa kiumbe anayechelewa kuzaa na kuzaa wachache hawezi kustahimili maadui wa pande tatu kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, kabla hujalipa hata senti moja, mwandikie mwenye mashua umuulize mambo haya, na umtake majibu ya maandishi: mara ya mwisho alimwona papa mweupe lini, katika mwezi uliopita alitoka mara ngapi, na katika hizo mara ngapi alimwona, na ikiwa siku yako itakuwa tupu, utapewa nini. Mwaminifu atakujibu kwamba siku hizi wageni wengi huwaona papa wa rangi ya shaba, ambao nao ni wazuri na ni wakubwa kuliko mtu, na kwamba mweupe ni bahati. Atakwambia pia kwamba wengi hawarudishi fedha, bali hutoa nafasi ya kutoka siku nyingine bila malipo, nafasi ambayo mtu wa Makueni mwenye tiketi ya kurudi kesho hana namna ya kuitumia. Basi jiwekee siku za akiba katika safari yako. Yule atakayekuhakikishia kwamba utamwona papa mweupe, muache, kwa kuwa anakuuzia asichokimiliki, na anayeweza kukudanganya juu ya papa aweza kukudanganya juu ya mashine ya mashua yake.

Fauka ya hayo, uliza kama ana kibali cha serikali cha kazi hiyo, maana kule haiendeshwi bila kibali. Uliza idadi ya abiria. Na ufikapo bandarini Kleinbaai, tazama kwa macho yako kama kila mtu amevaa jaketi la kuokoa maisha kabla mashua haijaondoka, na kama wanaeleza mapema la kufanya chombo kikipinduka. Kisha tazama chambo. Ada ya kazi hii ni kumwaga majini mchanganyiko wa mafuta na nyama za samaki ili harufu imlete papa, na kutupa kipande cha samaki kilichofungwa kambani, au sanamu ya sili, ili papa asogee. Mwenye kushika kamba akiwa na adabu ya kazi huipitisha kamba pembeni, papa akakatiza mbele ya kizimba. Asiye na adabu huivuta moja kwa moja kuelekea kwenye vyuma ili wageni wapige mayowe, na hapo ndipo ajali huzaliwa, kwa sababu papa hawezi kurudi nyuma: akiingiza kichwa penye nafasi, husukuma mbele tu. Mwaka 2016, katika kisiwa cha Guadalupe nchini Mexico, papa mweupe aliyekuwa akifuata chambo alipenya ndani ya kizimba chenye mtu, akahangaika humo, akatokea juu. Mtu yule alitoka bila jeraha. Januari 2023 serikali ya Mexico ilipiga marufuku utalii huo kisiwani hapo. Ukiona kamba inavutwa hivyo, usiingie majini, hata kama umekwisha lipa, na umwambie nahodha sababu yako mbele ya wenzako.

Hati za safari hazina ugumu wa zamani. Tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida huingia Afrika Kusini bila viza kwa siku zisizozidi 90 katika mwaka, ingawa kila msafiri na ahakikishe tena kabla ya kununua tiketi. Usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, ambacho hutakiwa kwa atokaye Kenya, na chanjo yenyewe ichomwe si chini ya siku 10 kabla ya kuondoka. Kutoka Cape Town mpaka Gansbaai ni mwendo wa gari wa kama saa mbili.

Usiku wa kuamkia safari ulale mapema, usinywe pombe, na asubuhi ule chakula chepesi, mkate na tangawizi ikiwezekana. Wala usidhani kwamba kushinda njaa kutakuepusha na kulewa bahari, kwani tumbo tupu hutaabika zaidi. Dawa ya kulewa bahari hufaa ikimezwa saa moja kabla ya kupanda chomboni, si baada ya kichefuchefu kuanza. Mtu wa bara asijivune katika jambo hili, maana mashua iliyotia nanga huyumba kuliko iendayo, na wenye nguvu nyingi nchi kavu ndio ambao mara nyingi nimewasikia wakieleza kwamba walimaliza safari wamelala sitahani. Ukianza kujisikia vibaya, tazama upeo wa bahari, kaa upande unaopata upepo, uwe mbali na moshi wa mashine na harufu ya chambo.

Ukiwa kizimbani, mikono na miguu yako ikae ndani, wakati wote, na ushike vile vyuma vilivyowekwa kwa ajili ya kushikwa, si vile vya nje. Usimguse papa hata akipita karibu kiasi cha kuweza. Ningependa pia uiache kamera kwa mara ya kwanza utakayojizamisha. Papa mweupe hatokei kwa kishindo. Maji ya kule yana ukungu wa kijani, na mara nyingi mtu hutazama mbele kumbe yeye amekwisha pita ubavuni, mwili mpana, tumbo jeupe, jicho jeusi linalomtazama mtazamaji na kumtathmini bila haraka. Jike mkubwa hufikia meta sita. Atakapokupita utaona kwamba hana hamaki, anageuka kwa mkunjo mdogo wa mkia, anaukaribia ule mfano wa sili na kuuacha baada ya kuutambua kuwa si chakula. Na utakapotoa kichwa juu kuvuta pumzi, utajua kwa yakini, si kwa kuambiwa, kwamba yale uliyoonyeshwa katika filamu yalikuwa ni dhulma.

Lipo jambo moja linaloninyima raha katika kazi hii, nalo ni kumzoeza mnyama wa mwitu harufu ya chakula mahali penye watu. Wako wanaosema kwamba halina madhara, na serikali ya Australia Kusini, badala ya kukataza, iliona ni vema kupunguza siku za kumwaga chambo katika visiwa vya Neptune. Mimi naona hivi: mahali ambapo mashua ni chache, zina vibali, na fedha za wageni huwafanya wenyeji wamwone papa kuwa ni mali akiwa hai, faida ni kubwa kuliko hasara. Huku kwetu papa akifika sokoni ni ng'onda, na simlaumu mvuvi mwenye watoto wa kulisha. Lakini ningefurahi kuiona siku ambayo papa aliye hai atamlisha mvuvi huyo kwa muda mrefu kuliko aliyekaushwa kwa chumvi.

Na siku hiyo imekwisha fika mahali pamoja karibu nasi, ambapo ndipo ningemtuma kila kijana wa Matiliku kabla ya kufikiri habari za Gansbaai. Katika kisiwa cha Mafia, Tanzania, mbele ya mji wa Kilindoni, hukusanyika papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote, mwenye madoa meupe mgongoni na urefu unaoweza kupita meta 10, ambaye hula vijidudu vya baharini, uduvi na samaki wadogo, wala hana meno ya kumdhuru mtu. Huonekana zaidi tangu Oktoba mpaka Machi. Hakuna kizimba, hakuna chambo. Mashua hukaa mbali, watu wachache huingia majini kwa utaratibu, wakaogelea kando yake. Usimguse, usimkatizie njia, usikae nyuma ya mkia wake, na usiwashe taa ya kamera machoni pake. Maji yana joto, lugha ni yetu, Mkenya hahitaji viza, na nahodha ni mtu ambaye baba yake huenda alikuwa mvuvi katika maji yayo hayo. Atakayeogelea kando ya potwe kwa utulivu, asihangaike pumzi, huyo ataweza kushuka Gansbaai bila ya mtu kumhofia. Na atakayeona kwamba potwe amemtosheleza, hana haja ya kwenda mbali zaidi.

Kwa wale watakaokwenda kusini, nawakumbusha jambo la mwisho. Huenda ukaonyeshwa meno ya papa mweupe yaliyotiwa mkufu, ukaambiwa kwamba ni ukumbusho wa safari. Usinunue. Papa huyo analindwa na sheria ya Afrika Kusini, na tangu uamuzi wa mwaka 2004 biashara ya viungo vyake kati ya nchi na nchi inatawaliwa na mkataba wa kimataifa unaotaka kila kipande kiwe na hati. Na ofisa wa forodha katika uwanja wa ndege wa Nairobi akikukuta nacho bila hati hiyo, kitachukuliwa, nawe waweza kushitakiwa. Ukitaka kumletea mama yako kitu, mnunulie blanketi.